Mkate wa jana bado ni chakula: pain perdu yenye ladha kwenye mbabula yetu



Juma hili tunaingia jikoni. Wamama kadhaa walituomba tueleze namna ya kupika pain perdu nyumbani, ule mkate wa mayai ambao watoto wanauonja kwenye sherehe za watu, kisha wakirudi wanauliza kwa nini sisi hatupiki. Tulikubali upesi, na tuseme ukweli, tulikuwa na sababu yetu ya kialimu.

Sisi tunaosimama mbele ya ubao tunajua saa ambayo darasa linazimika. Linazimika mapema, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, kabla ya kengele ya rekreasio. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kwenye hesabu anaanza kulaza kichwa juu ya benchi. Ukimuuliza amekula nini, anajibu: chai. Ukiuliza tena, anaongeza: chai na kipande cha mkate. Wengine hawasemi kitu. Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa bila malipo, Septemba 2019, madarasa yamejaa sana, na mtoto anayelala kimya kwenye benchi la nyuma haonekani haraka. Mwalimu anafikiri ni mvivu. Mara nyingi ni njaa, hata kama tumbo lilijazwa maji ya moto na sukari.

Chai ya sukari na mkate mkavu zinapandisha nguvu kwa muda mfupi, kisha zinaisha. Kinachobaki na mtoto mpaka saa sita ni chakula chenye protini na mafuta kidogo ndani yake: yai, maziwa, karanga, maharagwe. Yai moja lina protini karibu gramu 6, lina vitamini A, lina madini. Ukilichanganya na maziwa na mkate uliokuwa utupwe, unapata kitu ambacho mtoto anakila bila kulazimishwa. Hiyo ndiyo pain perdu.

Sasa, kuna jambo tunalisikia katika vikao vyetu: aibu. Mama anasema, "Nikipa watoto mkate wa jana, jirani atasema tumeishiwa." Ndiyo maana makala hii inasema sana juu ya ladha. Mkate wa jana uliopikwa vibaya, wenye harufu ya yai na mafuta yanayochuruzika, kweli unaonekana kama chakula cha shida. Uliopikwa vizuri, mgeni ataomba wa pili. Mkate ni uleule na yai ni lilelile. Tofauti iko kwenye maziwa, chumvi na moto.

Hata jina lenyewe linabeba habari hiyo. Kwa Kifaransa pain perdu ni mkate uliopotea, yaani ule ambao ungetupwa. Lakini Wabelgiji wa Flandre, waliokuwa pia katika hao waliotutawala zamani, wana jina jingine: gewonnen brood, mkate uliopatikana, kama vile mtu ameuokoa. Watu wa Quebec wanasema pain doré, mkate wa dhahabu, kwa sababu ya rangi yake. Wajerumani wanauita Arme Ritter, askari maskini wa farasi. Wahispania wanaupika sana katika Juma Takatifu na kuuita torrijas. Na Waroma wa kale, katika kitabu cha upishi kinachojulikana kwa jina la Apicius, chenye zaidi ya miaka 1,500, walikwisha kuandika juu ya mkate unaolowekwa katika maziwa, unakaangwa katika mafuta, unamwagiwa asali. Kwa hiyo anayefikiri ni chakula cha kisasa cha simu anakosea, na anayefikiri ni chakula cha maskini wa Bunia peke yao anakosea pia.

Tuanze na mkate.

Hapa kwetu mkate ni kitu cha asubuhi. Ukitoka kwenye tanuru ya kuni ni laini, una harufu, kila mtu anautaka. Jioni umeanza kukakamaa, na kesho yake wengine wanautupia kuku. Unga wa ngano tunaotumia mjini sehemu kubwa unatoka nje, unavuka mpaka. Barabara ya Mahagi ikiwa mbaya, au ile ya Komanda ikifungwa kwa sababu ya usalama, bei ya mkate inapanda au mkate wenyewe unapungua ukubwa, bei ikibaki palepale. (Wamama wote wameuona huo ujanja wa pili.) Kuku wetu basi wanakula unga uliosafiri kuliko wenye nyumba.

Kwa pain perdu, mkate wa jana ni bora kuliko wa leo. Mkate mpya una unyevu tayari, hauna nafasi ya kunywa maziwa; ukiulowesha unavunjika, unakuwa uji. Mkate uliokaa siku moja au mbili umeshikamana ndani. Unakunywa maziwa kama sponji na bado unabaki na umbo lake. Ukiwa na mkate wa leo tu na watoto wanadai, ukate vipande, uviache wazi kwenye sinia kwa saa kadhaa, au uviweke juu ya kikaango kikavu mpaka viwe vigumu kidogo.

Aina yoyote inafaa: ule mrefu wa mtindo wa Kifaransa, ule wa boksi, hata mikate midogo ya mviringo ukiikata katikati. Unene ndio muhimu. Kata upana wa kidole gumba cha mtu mzima, pungufu kidogo. Kipande chembamba sana kinararuka mkononi, na kinene sana kinaungua nje huku ndani yai likiwa bado bichi.

Hapa tuna neno moja kali. Mkate ulioota ukungu, wa kijani, mweupe wa manyoya au mweusi, si mkate wa jana. Huo ni wa kutupa. Usikwangue sehemu iliyoharibika ukapika nyingine, kwa sababu ukungu una mizizi inayoingia ndani ambayo jicho halioni, na sumu nyingine za ukungu haziishi kwa moto. Usiwape kuku pia. Ili usifike hapo, usifunge mkate wenye joto katika mfuko wa plastiki, hasa wakati wa mvua. Ufunge katika kitambaa safi, uuweke mahali penye hewa. Utakauka, na ukavu ndio tunaoutafuta.

Maziwa: hapa ndipo ladha inazaliwa

Wengi wanamwaga maziwa baridi juu ya mayai, wanaongeza sukari nyingi, wanadhani wamemaliza. Sukari haina harufu. Harufu lazima uitie ndani ya maziwa, na maziwa yanaipokea yakiwa ya moto.

Sisi wa Ituri hatuna sababu ya kulalamika juu ya viungo. Maziwa ya ng'ombe yanatoka kwa wafugaji wa Irumu na Djugu, ingawa tangu fujo ilipoanza tena mwisho wa 2017 ng'ombe wengi wamepotea na watu wengi wamekimbilia mjini, na kuna siku bidoni haziji. Maziwa hayo lazima yachemke. Yaache yapande, yashushe, yapande tena. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brucellose na hata kifua kikuu, na muuzaji mzuri wa sura haondoi hatari hiyo. Kama umekosa ya ng'ombe, maziwa ya unga yanafaa kabisa: vijiko vikubwa 3 katika glasi moja ya maji yaliyochemka. Maziwa ya soya yanafaa pia, ila yachemke muda wa kutosha ili ile harufu ya maharagwe mabichi itoke.

Wakati maziwa yanachemka, tia harufu. Tunayoipenda zaidi ni mchaichai, ule mwingi kwenye parsele zetu, tunaoufanyia chai kila jioni. Majani 3 au 4, yaoshe, yakunje, yafunge fundo, yatie ndani ya maziwa. Yakishachemka, yaondoe motoni, funika, uache dakika 10. Toa majani. Maziwa yatanukia kama ndimu lakini hayatakatika. Ukitia maji ya ndimu yenyewe, maziwa yanaganda vipande vipande. Ukitaka ndimu, kwangua ngozi yake ya juu tu, ile yenye rangi, usifike kwenye nyeupe kwa sababu ni chungu.

Tangawizi ni nzuri siku za baridi, lakini ina tabia yake. Tangawizi mbichi ndani ya maziwa inaweza kuyakata. Kwa hiyo iponde, ichemshe kwanza katika maji kidogo dakika chache, kisha mimina maziwa juu yake. Wanaopika chai ya maziwa wanalijua hili.

Mdalasini wa unga unaelea juu ya maziwa na kufanya madonge. Dawa yake ni kuuchanganya kwanza na sukari kavu, halafu ndiyo uutie. Kijiti cha mdalasini ni rahisi zaidi: kichemshe, kioshe, kikaushe, kitakutumikia tena mara mbili au tatu.

Na vanila? Inalimwa kwetu, upande wa Mambasa, na kwa jirani zetu wa Beni. Katika 2018 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilifika karibu dola 600 kwenye soko la dunia, kisha bei ikaanguka. Wakulima walioona bei hiyo wanaikumbuka, na wanawake wa Bunia wengi hawajawahi kuinusa isipokuwa ile ya sasheti ya butiki. Kama una ndugu anayelima, muombe maganda yaliyovunjika ambayo wanunuzi wanayakataa. Pasua ganda moja, kwangua zile mbegu nyeusi ndani ya maziwa, kisha chukua ganda tupu, likaushe, lizike ndani ya kopo la sukari. Baada ya juma moja sukari yote inanukia. Ganda moja, kazi mbili.

Usitie vyote kwa pamoja. Chagua kimoja, labda viwili. Mchaichai na tangawizi vinapatana. Mdalasini na vanila vinapatana. Ukichanganya vinne, mtoto atauliza kama ni dawa.

Na chumvi. Hata kama unapika ya sukari, tia chumvi kiasi cha ncha za vidole viwili. Inaondoa ile harufu ya yai ambayo watu wengine hawaipendi, na inafanya sukari kidogo ionekane nyingi. Hii peke yake inabadilisha kila kitu, tena ni bei ya bure.

Vipimo

Kwa vipande 8: mayai 2, glasi moja ya maziwa yenye harufu (robo lita), kijiko kikubwa kimoja cha sukari, chumvi kidogo. Hayo ni kwa nyumba ya watoto wanne, kila mmoja vipande viwili. Ukiwa na mayai 3, vipande vinapata rangi na vinashiba zaidi. Mayai 4 ni ya siku ya Pasaka.

Jaribu yai kabla ya kulivunja: litie katika bakuli la maji. Linalolala chini ni jipya. Linalosimama kwa ncha ni la siku nyingi, lipike upesi. Linaloelea juu litupe. Hata hivyo livunje kwanza kikombeni peke yake. Yai moja bovu linaweza kuharibu maziwa yote uliyoyahangaikia.

Maziwa yapoe mpaka kidole kivumilie, ndipo uyachanganye na mayai. Yakiwa ya moto sana mayai yanaiva ndani ya bakuli. Piga kwa uma mpaka usione tena nyuzi nyeupe za yai. Wale wanaopiga haraka haraka ndio wanaopata mabaka meupe juu ya mkate, na mtoto anayachokoa kwa kidole. Sukari isizidi kijiko hicho kimoja, maana sukari ndani ya mchanganyiko inaungua kabla mkate haujaiva. Anayetaka tamu zaidi atanyunyizia juu, mezani.

Lowesha kila upande kama dakika moja, mkate ukiwa mgumu sana fika dakika tano. Bonyeza katikati kwa kidole: ukisikia mfupa ndani, bado. Ukisikia ulaini wote lakini kipande kinanyanyuka bila kuvunjika, tayari.

Moto wa makala

Vitabu vya upishi vinasema "moto wa kati". Mbabula haina kitufe. Tunaufanyaje moto wa kati? Subiri makala yote yashike na yafunikwe na majivu meupe, ndipo uyatandaze. Makala yanayotoa mwali bado ni ya kuchemsha maharagwe. Weka kikaango, tia mafuta kijiko kimoja, yazungushe. Dondosha tone la mchanganyiko: likipiga kelele kali na kuwa jeusi, toa makala mawili, likikaa kimya, pulizia kidogo, likiimba polepole na kuwa na rangi ya asali, weka mkate.

Mafuta yawe machache. Pain perdu si mandazi, haiogelei. Mafuta meupe ya kawaida yanafaa. Ukiwa na Blue Band, tia nusu kijiko ndani ya mafuta, harufu inapanda. Blue Band peke yake inaungua haraka. Samli ya ng'ombe, kwa wenye bahati ya kuipata, inashinda zote. Mafuta mekundu ya mawese tunayaheshimu sana kwenye sombe, lakini hapa yanafunika ladha nyingine zote.

Dakika tatu upande mmoja, geuza mara moja tu, funika kikaango kwa sahani au mfuniko, dakika tatu tena. Kufunika kunasaidia katikati paive bila nje kuungua. Kipande kilichoiva kinavimba kidogo, na ukibonyeza hakitoi maji. Kikitoa maji ya njano, kirudishe: yai lisiloiva si la mtoto, wala si la mama mjamzito.

Kama lipo yai moja tu

Tunajua nyumba zetu. Kuna asubuhi za yai moja na vinywa saba, hasa pale ambapo ndugu waliokimbia kijiji wanalala sebuleni. Njia ya Wahispania inafaa hapa. Wao hawachanganyi. Wanalowesha mkate katika maziwa peke yake, yenye harufu na sukari, wanauacha uchuruzike juu ya sahani, kisha wanaupitisha haraka ndani ya yai lililopigwa, pande mbili, na kuukaanga. Yai linabaki nje kama ngozi. Yai moja, ukilipiga na kijiko kikubwa kimoja cha maziwa na chumvi, linapaka vipande vitano mpaka sita.

Njia nyingine ni ndizi. Chukua ndizi moja iliyoiva mpaka ngozi ina madoa meusi, ile ambayo muuzaji anakuongeza mwishoni mwa soko. Iponde mpaka iwe laini, ichanganye na yai moja na glasi ya maziwa. Ndizi inashikilia badala ya yai la pili na inaleta utamu, hata sukari unaiacha. Punguza moto lakini, kwa sababu ndizi inashika chini ya kikaango upesi.

Kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa ndani ya maziwa kinaongeza nguvu na ladha. Tunawapendekezea sana wenye watoto waliodhoofu baada ya ugonjwa, lakini anza na kidogo kwa mtoto ambaye hajawahi kula karanga, uangalie.

Yai la kuuza na yai la kula

Juu ya hili hatukupatana wote, na tunaliandika kama lilivyosemwa. Wamama wengi wa vikundi vyetu wanafuga kuku watano, kumi. Mayai yote yanakwenda sokoni au butiki, kwa sababu yai ni pesa ya sabuni, ya daftari, ya mchango wa AVEC siku ya Alhamisi. Mama mmoja alisema wazi: "Mwalimu, ukila yai umekula sabuni." Mwingine akamjibu kwamba anauza mayai, kisha kwa pesa ileile ananunua biskuti za kuwapa watoto waende nazo shuleni, na hajui ni nani anayepata faida hapo.

Sisi tunaegemea upande wa huyu wa pili, lakini hatusemi kila yai liliwe. Tunasema hivi: kama kuku wanataga mayai 20 kwa juma, toa 4 ya watoto kabla ya kuhesabu ya soko, usingoje yatakayobaki. Hayabaki. Mayai 4 ni asubuhi mbili za pain perdu kwa watoto wanne. Chagua siku za interogasio kama unataka. Sisi walimu tutafurahi.

Wapo pia wazee waliokataza wanawake na watoto kula mayai, wakisema mtoto atakuwa mwizi au mama atashindwa kuzaa. Tunawaheshimu wazee wetu. Mafundisho ya vituo vya afya leo yanasema kinyume: mama mjamzito anahitaji yai, na mtoto akifika miezi 6 anaweza kuanza kula yai lililoiva vizuri. Mdogo huyo mpe vipande laini, bila sukari. Na asali hapana mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupigana navyo.

Cha kuweka juu

Kwa walio na zaidi ya mwaka, asali ndiyo malkia. Asali ya msituni, ile ambayo Wambuti wanaichuma juu ya miti mirefu upande wa Mambasa na Irumu, ina giza na ladha nzito yenye moshi kidogo. Kijiko kidogo kwa kipande kinatosha. Maracuja iliyokamuliwa na sukari kidogo inakata vizuri uzito wa yai. Ndizi vipande, papai, vyote ni vya kwetu. Avoka pia, ila hiyo tunaipeleka kwenye pain perdu ya chumvi.

Maana ipo ya chumvi, na wanaume wengi wanaipenda zaidi. India wanaipika hivyo, na vitunguu na pilipili. Acha sukari na mchaichai. Katika mayai na maziwa tia kitunguu kilichokatwa kidogo sana, nyanya bila mbegu, chumvi, pilipili kwa anayeiweza. Lowesha, kaanga vilevile. Kula na avoka iliyopondwa na ndimu. Hii ni chakula cha jioni kabisa, siku ambayo bugali umechosha.

Mmoja wetu aliuliza kama inaweza kuuzwa mbele ya shule kama mandazi. Inaweza, kwa masharti. Mandazi yanavumilia mpaka jioni. Pain perdu ina yai na maziwa ndani, kwa hiyo iliyopikwa asubuhi iishe kabla ya saa sita, na iliyobaki isiuzwe kesho. Hesabu mkate, mayai, maziwa, mafuta na makala, gawanya kwa vipande, halafu ongeza kazi yako. Wamama wengi wanasahau makala. Mkate wa jana unaweza kuuomba kwa bei ya chini kwa mwenye tanuru. Anza na mikate miwili tu, uone watoto wanasemaje.

Jumamosi baada ya kikao tutapika zote mbili, ya mchaichai na ya chumvi. Tunaomba kila kikundi kilete mkate wa siku mbili, mayai mawili, na mbabula moja kwa vikundi viwili. Makala yapo. Sahani kila mtu aje na yake.